Wanajitenga? Kwanza niambie nafasi za kazi zilitangazwa wapi

Chama cha wanahistoria wanawake kikitajwa tu, hakosekani bwana wa kuuliza kwa upole: "Sasa kwa nini wajitenge? Historia si ni moja?" Anauliza kama mwenye nyumba anayeshangaa wageni wake wanakula jikoni, na ufunguo wa sebule uko mfukoni mwake.

Haya, tuuangalie huo ufunguo. Jumuiya ya wanahistoria wa Marekani, AHA, ilianzishwa mwaka 1884 na wanawake waliruhusiwa kujiunga. Walilipa ada, walipata jarida, walikaa ukumbini na kupiga makofi. Mambo yenyewe yalikuwa kwingine: kwenye vikao vya jioni vya sigara na mapumziko ya mwisho wa wiki, ambako wanaume walialikana wao kwa wao. Huko ndiko kulikojulikana nani anastaafu, chuo gani kimepata fedha, mwanafunzi wa profesa gani anakaribia kumaliza tasnifu. Mwaka 1930, wanawake waliokuwa wakifundisha vyuo vya kaskazini mashariki, wengi wao vyuo vya wasichana, wakaanza kukutana wenyewe. Mikutano yao ya mwisho wa wiki kwenye vilima vya Berkshire ndiyo iliyokipa chama jina: Berkshire Conference, au Berks kwa mkato. Wangejitengaje na kikao ambacho hawakualikwa?

Mwanamke wa kwanza kuwa rais wa AHA alikuwa Nellie Neilson, 1943. Wa pili, Natalie Zemon Davis, 1987. Labda alitafutwa mwingine miaka yote 44 akakosekana.

Lakini urais ni pambo. Roho ya jambo ni ajira, na hapa naomba mnivumilie. Zamani nafasi ya kufundisha historia katika chuo kikuu chenye jina kwa kawaida haikutangazwa. Mkuu wa idara alimwandikia rafiki yake, au akanyanyua simu: una kijana mzuri wa historia ya Ulaya? Rafiki akataja jina moja, au mawili. Kwisha. Hapakuwa na barua ya kukataliwa kwa kuwa hapakuwa na barua ya kuomba. Ubaya wa utaratibu huu ni kwamba hauachi karatasi, na mwanahistoria kuliko mtu yeyote anajua maana ya kukosa karatasi. Simu haikatiwi rufaa. Ukiuliza mbona idara nzima haina mwanamke, jibu liko tayari: hawakuomba.

Desemba 1969, kwenye mkutano wa AHA mjini Washington, wanawake wakaunda kamati ya uratibu ambayo leo ni CCWH, baraza la kuratibu wanawake katika historia, wanahistoria Gerda Lerner na Berenice Carroll wakiwa miongoni mwa viongozi wake. Huruma haikuwa ajenda. Walitaka watu wahesabiwe: wangapi wanahitimu uzamivu, wangapi wanaajiriwa, kwa daraja gani. AHA ikaunda kamati chini ya mwanahistoria mwanamke, Willie Lee Rose, taarifa ikatoka mwaka 1970, na mwaka 1971 ikawepo kamati ya kudumu ya wanahistoria wanawake. Dai lao kubwa lilikuwa kavu mno, ndiyo maana hakuna anayeliwekea picha tarehe 8 Machi: kila nafasi itangazwe wazi.

Na tangazo nalo lina ujanja wake. La haki linataja daraja, fani, mshahara, idadi ya barua za wadhamini na tarehe ya mwisho, na linampa mtu walau mwezi. La kutimiza wajibu linabandikwa Ijumaa jioni na kufungwa Jumatano. Baya zaidi ni lile lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Sifa zikianza kutaja miaka, "mtaalamu wa vyama vya ushirika 1952 hadi 1961, mwenye kusoma Kijerumani", jua mwenye nafasi ameshapimwa suruali. Ukipita hapo kuna usaili. Marekani ulifanyika hotelini wakati wa mkutano mkuu, mara nyingine chumba cha kulala chenye kiti kimoja, na msailiwa akachagua kati ya kusimama na kukaa kitandani mbele ya wanaume watatu. Sharti la meza na chumba cha wazi linaonekana dogo kwa asiyewahi kukaa kwenye hicho kitanda.

Orodha nayo ni silaha. Mwaka 2018 ilizinduliwa Women Also Know History, daftari la mtandaoni la wanahistoria wanawake linalopekuliwa kwa kipindi, eneo na mada. Mwandaa kongamano anayesema "tulitafuta mwanamke tukakosa" sasa anaulizwa alitafuta wapi. Ila orodha yoyote isiyohuishwa kila mwaka inageuka makaburi ya barua pepe.

Tuzo? Zinafaa zikijua zinamlenga nani. CCWH wana tuzo ya Catherine Prelinger, dola 20,000, kwa ajili ya msomi ambaye safari yake haikunyooka: aliyeacha shule akalea, akarudi ana miaka arobaini. Tuzo nyingi humwadhibu mtu huyo huyo kwa kuweka kikomo cha umri.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba vyama hivi navyo hufunga milango. Mwaka 1979 Rosalyn Terborg-Penn, Eleanor Smith na Elizabeth Parker walianzisha chama cha wanahistoria wanawake Weusi, na wasingekihitaji kama wenzao weupe wangewatengea nafasi mezani. Nakubali pia kwamba jopo la "wanawake na historia" hupangwa saa ya mwisho, siku ya mwisho, chumba kilicho karibu na choo. Lakini hilo ni kosa la mwenye ratiba.

Sisi tunaotoka nchi ya lelemama, ngoma ya wanawake, tusijifanye tunashangaa. TANU ilipotaka wanawake wa Dar es Salaam mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipitia vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi na njia ya kupeleka habari nyumba kwa nyumba. Tunayajua haya kwa undani kwa sababu mwanahistoria mwanamke, Susan Geiger, alikaa na wanawake hao akarekodi maisha yao, hakutosheka na hotuba za wakubwa.

Kwa hiyo anayetaka kuanzisha chama aanzie kwenye mambo madogo ya kuchosha. Ada kwa kipato: mwanafunzi bei ya nauli, profesa mara kumi. Watia saini wawili benki. Daftari la wanachama likae kwenye akaunti ya chama. Likikaa kwenye simu ya katibu, katibu akihama, chama kimehama naye. Nusu ya kamati ibadilike kila mwaka, la sivyo wale waanzilishi wote watachoka mwaka mmoja na kuondoka pamoja. Bajeti ya kongamano iwe na fungu la mlezi wa watoto, liandikwe kabla ya fungu la fulana.

Na yule bwana wa umoja, kama bado yuko hapa: idara yenu iliajiri mara ya mwisho lini, na tangazo lilikaa wazi siku ngapi?