Nani Aliyeihifadhi Roma? Zama za Kati na Deni la Florence

Katika masimulizi mengi ya ustaarabu wa Magharibi, dola ya Roma inaanguka mwaka 476, Ulaya inalala kwa karne nyingi, kisha Florence, jiji la Italia, inaiamsha kwa michoro na sanamu. Simulizi hili lilianzishwa na wale wale waliojiona wameamka: mshairi Mwitalia Petrarca, katika karne ya 14, ndiye aliyezihesabu karne zilizomtangulia, tunazoziita leo Zama za Kati, kuwa za giza, na Giorgio Vasari, mchoraji na mwandishi, katika kitabu chake cha mwaka 1550 juu ya maisha ya wasanii, akaieneza dhana ya sanaa kuzaliwa upya.

Wanaolitetea hawakosi hoja. Jiji la Roma, lililowahi kuwa na wakazi wapatao milioni moja, lilibaki na makumi machache ya maelfu. Kuba la Pantheon, hekalu la kale la Roma, lenye upana wa mita 43, halikupata mshindani katika Ulaya ya Magharibi hadi msanifu Brunelleschi alipokamilisha kuba la kanisa kuu la Florence mwaka 1436. Kuna ujuzi uliopotea, na si haki kulikana hilo.

Lakini vitabu vya kale walivyojivunia kuvifufua wanazuoni wa Florence, walivikuta wapi? Vitabu hivyo viliandikwa kwenye mafunjo, karatasi za matete, nayo huoza, na kitabu ambacho hakikunakiliwa upya kwenye ngozi kilitoweka. Walionakili, kwa sehemu kubwa, walikuwa wamonaki wa enzi ya Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki aliyetawazwa kaizari mwaka 800, na warithi wake. Nakala kongwe tulizonazo za kitabu cha Julius Caesar juu ya vita vya Gallia (Ufaransa ya leo) ni za karne ya 9. Utenzi wa Lucretius, mshairi wa Roma ya kale, ambao mwanazuoni Poggio Bracciolini aliugundua mwaka 1417, ulikuwa umetunzwa katika monasteri ya Ujerumani.

Mwandiko wenyewe unasema zaidi. Wanakili hao walieneza herufi ndogo za mviringo, zilizo wazi na rahisi kusomeka. Poggio na wenzake walipoziona waliamini kuwa ndizo za Warumi wa kale, wakaziiga kwa heshima kubwa. Na mwaka 1470, huko Venice, mpiga chapa Nicolas Jenson akachapa vitabu kwa herufi za mkondo huo huo. Cicero, mwandishi mashuhuri wa Roma ya kale, hakuziandika kamwe. Msomaji wa Kiswahili, lugha ambayo washairi wa pwani waliiandika kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, anaisoma sentensi hii kwa herufi zilizotokana na kalamu ya wamonaki, na kila mstari uchapishwao leo kwa herufi hizo unabeba ushahidi wa kazi ya watu walioitwa wa giza.

Ndiyo maana naona jina hilo linawadhulumu. Hata kuba la Florence, fahari ya hoja ya upande wa pili, lina wazazi wawili. Ujenzi wa kanisa hilo ulianza mwaka 1296, na umbo la kuba, lenye ncha kama matao ya Kigothi, mtindo wa ujenzi wa Zama za Kati, lilikuwa limeamuliwa kufikia 1367, miaka kumi kabla Brunelleschi hajazaliwa. Kipaji chake, ambacho hakuna wa kumpokonya, kilikuwa kulijenga bila jukwaa la mbao la kulishikilia kutoka chini.