Ukipewa dakika ishirini mbele ya madevelopa wenzio, utoe mada gani?

Waulize madevelopa, yaani watengenezaji wa programu za kompyuta, wangependa kutoa mada ya nini, utasikia AI (akili bandia), Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi), Rust (lugha ya kuandikia programu). Siwalaumu. Mada hizo zinajaza ukumbi, na waajiri nao wamekaa humo humo wanasikiliza, kwa hiyo mtu akijipigia debe kwa Rust ambayo hajawahi kuiweka hata kwenye seva moja ya kweli mi namwelewa, njaa ni njaa. Tena ukijua Jumamosi unasimama mbele za watu, utasoma wiki nzima hata usiku umeme ukikatika.

Ila mimi mada yangu ni saa. Ndio, saa tu.

Zamani kidogo nilitengeneza kaprogramu ka kukata tiketi za basi, muda wa safari mteja anaandika mwenyewe. Mama mmoja akaandika 1:00, maana anasafiri saa moja asubuhi kama watu wote, na programu ikamkatia ya saa saba usiku. Kwenye logi, yaani kumbukumbu za programu, hakuna kosa hata moja, kila kitu kimepita safi kabisa. Halafu seva yenyewe ilikuwa inatumia saa za UTC, yaani saa za kimataifa, sisi tuko masaa matatu mbele, kwa hiyo siku ya mahesabu ilikuwa inafungwa saa tisa usiku na tiketi za saa saba na saa nane zinahesabiwa za jana, bosi anauliza hela ziko wapi na mi sina jibu.

Sasa wapo wanaosema aah, hayo yana laibrari zake, yaani kodi zilizokwisha kuandikwa na wengine. Nusu ni kweli. Data zao za kanda za saa zinaijua Africa/Dar_es_Salaam na Africa/Nairobi vizuri tu, lakini huyo mama alimaanisha 1:00 ipi laibrari itajulia wapi? Hoja inayoniuma zaidi ni kwamba mada za "siku nilipoharibu" zinageuka kijiwe, watu wanacheka wanaondoka mikono mitupu, na tukibaki kusimuliana ajali zetu vitu vipya ataleta nani. Hapo sina ujanja sana.

Ila mwaka 2009 pale London mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare alisimama akaeleza ile nali (null), yaani alama ya kitu kisichokuwepo, aliyoiweka kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, akaiita kosa lake la dola bilioni. Na Rust hiyo hiyo inayojaza kumbi, Rust ya kawaida haina nali, lazima useme wazi kwamba kitu kinaweza kisiwepo. Yaani mtu wa Rust angeanzia kwenye kidonda hicho ningemsikiliza mpaka mwisho, shida wengi wanaanza na slaidi ya spidi.

Basi mada yangu nikapangiwa baada ya msosi wa mchana, ukumbi unasinzia. Nikawaambia zile mashine zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32, yaani namba yenye kikomo, zitafika mwisho tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu ni saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, baada ya hapo zinarudi Desemba 1901. Wachache wakainua vichwa. Nilipoonyesha tiketi ya yule mama mikono ikaanza kunyooshwa, kila mtu ana yake, maswali yakala dakika zote za aliyefuata, ambaye alikuwa jamaa wa AI.