Mbegu Ndizo Zinazosubiri Yai

Wiki iliyopita binti mmoja aliingia dukani kwangu saa mbili usiku, akajifanya anaangalia sabuni mpaka wateja wengine walipoondoka, ndipo akasogea kaunta. "Dada, samahani. Mbegu za mwanaume zinakaa mwilini siku ngapi?"

Nauza dawa mwaka wa tisa sasa, na haipiti wiki bila swali hilo kuja. Anauliza anayeogopa mimba, anauliza na anayeitafuta kwa machozi. Wote wawili jibu lao ni moja, na ninaamini msichana yeyote aliyevunja ungo alistahili kulijua kabla hajafika kwenye kaunta yangu.

Mbegu zikidondokea shuka au ngozi, zikikauka tu zimekufa. Hazipenyi nguo, hazitembei kutoka kwenye taulo. Ndani ya mwanamke mambo ni tofauti. Ukeni kuna asidi, kwa hiyo nyingi hufia hapo hapo kwa saa chache. Lakini zile zinazowahi kuingia kwenye ute wa mlango wa kizazi hupata hifadhi, na zinaweza kuishi mpaka siku 5. Yai lenyewe likishatoka lina saa 12 hadi 24 tu. Kwa hiyo mara nyingi mimba haitungwi usiku ule wa tendo. Mbegu zinatangulia, zinakaa, yai linazikuta.

Hilo ndilo hatukuambiwa. Mwalimu wetu wa baiolojia alichora duara ubaoni, akaandika 14 juu yake kwa chaki nyekundu, akatuambia hiyo ndiyo siku ya hatari. Tulinakili wote. Mimi nilibeba duara lile kichwani mpaka nikiwa na miaka 22, nipo chuo mwaka wa pili. Mzunguko wangu ni wa siku 24. Nilikutana na mwenzangu siku ya 6, damu ikiwa imekata jana yake, moyo umetulia kabisa. Kumbe yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si siku 14 baada ya hedhi kuanza. Ishirini na nne ukitoa 14 unapata 10. Mbegu za siku ya 6 zilitakiwa kusubiri siku 4 tu, na zilisubiri. Mwanangu yuko darasa la sita sasa, na ndiye furaha ya nyumba yangu. Ila chuo nilikiacha, na mama yangu alikaa karibu mwaka mzima haongei na mimi vizuri. Hesabu ya kutoa ndiyo iliyonikosesha, nami hesabu nilikuwa naiweza.

Mwaka 1995 mtafiti Allen Wilcox na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 221 waliokuwa wanatafuta mtoto. Mimba zilipatikana kwa tendo la ndani ya siku 6 tu: siku ambayo yai lilitoka, na 5 zilizoitangulia. Tendo la siku 5 kabla lilikuwa na uwezekano wa kama asilimia 10, na la siku yenyewe asilimia 33. Ukichelewa ukaja kesho yake, mlango umefungwa.

Asilimia hiyo 33 naitaja sana kwa wanaotafuta mtoto. Siku iliyo bora kuliko zote, wanawake wawili kati ya watatu hawashiki, na hawana ugonjwa wowote. Kuna mama mume wake anaendesha lori, yuko nyumbani siku chache kwa mwezi. Walikuwa wanakutana mara moja tu, siku waliyoihesabu kuwa ya yai, na kabla ya hapo mume "anakusanya nguvu". Nilimwambia waache kuvizia siku moja. Wakutane kila baada ya siku mbili au tatu, na autazame ute wake: ukianza kuvutika na kuteleza kama ute wa yai bichi, hizo ndizo siku zenyewe. Alikuwa pia anaumia kwamba akisimama vinamwagika. Vinavyomwagika ni majimaji zaidi. Mbegu zinazohitajika zimeshaingia ndani dakika zile za mwanzo. Kwa sababu hiyo hiyo, kujiosha, kuruka ruka au kunywa maji ya chumvi hakumsaidii anayekwepa mimba.

Na kama mwaka mzima umepita bila kinga na bila mimba, au miezi 6 kwa mwanamke aliyevuka miaka 35, waende hospitali wote wawili. Naomba wakwe wanielewe hapa. Mwanaume naye apimwe mbegu, kipimo chake ni chepesi kuliko vingi anavyopitishwa mke.

Kumwaga nje sikushauri. Majimaji ya mwanzo yanaweza kuwa na mbegu, na kalenda haimkingi mtu na VVU. Kondomu inafanya kazi zote mbili.

Binti wa usiku ule alikuwa amekutana na mwenzake siku mbili nyuma. Nilishusha kalenda ukutani, nikampa kalamu anionyeshe alipoona siku zake. Mwezi mmoja mzunguko ulikuwa siku 26, uliofuata 33. Kwa mzunguko unaoyumba hivyo hakuna mtu anayeweza kumwambia ni salama, na sikumwambia. Nilimpa P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba baada ya tendo, kwa kuwa alikuwa bado ndani ya saa 72, na nikamweleza ukweli wake: inachelewesha yai lisitoke, haitoi mimba, na kama yai limeshatoka haina la kufanya. Kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Nilimtajia pia kitanzi cha shaba, kinachoweza kuwekwa kituo cha afya ndani ya siku 5 na kinachozuia vizuri zaidi. Akasema kwanza P2.

Alimeza dawa pale pale kwa maji yangu ya chupa. Nikamwandikia kwenye kikaratasi tarehe ya kupima mimba, wiki 3 mbele, maana akipima kesho kipimo hakitaona kitu. Alikikunja akakitia nyuma ya kava la simu. Alipofika mlangoni akarudi. Ana mdogo wake, yuko kidato cha pili, akaniuliza kama Jumamosi anaweza kuja naye nimwonyeshe ile kalenda.