Nyumba ya Kwanza ya Mtoto Aliyekulia Ughaibuni

Mwaka jana nilikaribia kumpa binti yangu zawadi ambayo ingemrudisha nyuma. Nina nyumba ndogo Kibaha, niliyoijenga kwa miaka kumi na moja kwa mshahara wa kazi ya Uingereza, na nilikuwa nimekwisha kukubaliana na kaka yangu anayeisimamia kwamba tuihamishie kwa jina la binti huyo, ambaye amekulia huku lakini bado ni raia wa Tanzania, siku atakapotimiza miaka 23. Nililiona kuwa jambo la heshima, kwani kwetu mzazi aliyemwachia mtoto paa hana deni naye. Ni yeye mwenyewe aliyenizuia. Alikuja na masharti ya akaunti yake ya akiba, akaniambia kwa upole, "Mama, ukiniandikisha nyumba hiyo, mimi sitahesabiwa tena kuwa mnunuzi wa mara ya kwanza."

Nilibisha, maana sikuona Kibaha inaingiaje katika mambo ya benki ya Uingereza. Lakini masharti yako wazi: anayetumia Lifetime ISA, yaani akaunti ya akiba ambayo serikali huiongezea fedha, kununulia nyumba ya kwanza lazima awe hajawahi kumiliki nyumba ya kuishi popote duniani, na nafuu ya kodi ya ununuzi wanayopewa wanunuzi wa mara ya kwanza inafuata kanuni hiyohiyo. Tangu Aprili 2025, mnunuzi wa namna hiyo halipi kodi hiyo kwa paundi 300,000 za kwanza za bei, ikiwa nyumba haizidi paundi 500,000. Hivyo zawadi yangu ingemwondolea nafuu hiyo, na ingemfungia pia akiba aliyokuwa amekwisha kuianza. Ninaandika haya kwa sababu wazazi wengi wa Kitanzania ninaowafahamu huku wanafikiria kufanya kama nilivyotaka kufanya, na wanafikiria hivyo kwa mapenzi.

Mapenzi hayo yana asili yake. Nyumbani, nyumba hainunuliwi kwa siku moja bali hukua pamoja na mwenyewe. Kijana hutafuta kiwanja, mauziano yakaandikwa mbele ya viongozi wa serikali ya mtaa, kisha mwaka huu akafyatua tofali, mwaka ujao akamwaga msingi, akapumzika mtoto anapoanza shule, akarudi kupandisha boma mpaka kwenye lenta, na siku akipata fedha za mbao na bati akapaua na kuhamia humo kabla hata ya kupiga lipu. Mikopo ya nyumba ya benki ipo, na Sheria ya Fedha za Mikopo ya Nyumba ya mwaka 2008 ilitungwa ili kuikuza, lakini riba yake mara nyingi ni ya tarakimu mbili na watu wengi hawaifikirii kabisa. Katika utaratibu kama huo msaada wa mzazi una umbo la kushikika: nusu ya kiwanja cha familia, mifuko ishirini ya saruji, au fundi aliyekwisha kulipwa. Msaada huo unaweza kuja wakati wowote, ukawa mdogo au mkubwa, na hakuna anayeuliza ulitoka wapi, kwa sababu kila shilingi inageuka kuwa ukuta unaoonekana.

Huku kijana hawezi kununua nusu ya ukuta. Anahitaji malipo ya awali, ambayo kwa kawaida hayapungui asilimia 5 ya bei na yanakuwa na nguvu zaidi yakifika asilimia 10, na anahitaji kuionyesha benki kwamba ana kipato cha kudumu na historia safi ya kulipa madeni. Msaada wa mzazi ukija bila kufuata umbo hilo unaweza kupotea au kudhuru. Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba sisi tuliohama inatupasa kuacha kuwajengea watoto wetu kwa mtindo wa nyumbani, na badala yake tuwasaidie kuweka akiba mapema, kwa majina yao wenyewe, katika mahali ambapo serikali ya nchi wanayoishi inawaongezea.

Kwa masharti yaliyopo ninapoandika, Lifetime ISA, iliyoanzishwa Aprili 2017, inafunguliwa na mtu mwenye umri wa miaka 18 hadi 39. Anaweka mpaka paundi 4,000 kwa mwaka wa kodi na serikali inaongeza asilimia 25. Nyumba itakayonunuliwa isizidi bei ya paundi 450,000, na iwe imepita miezi 12 tangu fedha ya kwanza kuwekwa katika akaunti. Mzazi haruhusiwi kumfungulia mtoto, lakini anaweza kumpa fedha naye akaziweka. Sisi tulikubaliana kwamba binti anaweka paundi 200 kila mwezi nami naongeza 100. Hiyo ni 3,600 kwa mwaka, na nyongeza ya serikali inaifikisha 4,500, kwa hiyo katika miaka mitano, kabla ya kuhesabu faida yoyote, zitakuwa paundi 22,500, ambazo ni asilimia 10 ya nyumba ya paundi 225,000. Nilipoiona hesabu hiyo nilisikitika kwamba hakuianza alipofika miaka 18, wakati mimi nilikuwa natuma fedha za vigae.

Mchango wangu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni chumba. Wenzake wengi kazini huona aibu kuishi kwa wazazi baada ya kuanza kazi, na wapo wanaotumia sehemu kubwa ya mshahara kulipa pango. Kwetu kijana hukaa kwao mpaka anapoanza maisha yake na hakuna anayemcheka, na katika jambo hili ninaamini kabisa kwamba desturi ya nyumbani ni bora. Sikumtoza pango. Nilimwomba tu kwamba fedha ambayo angelipa pango, sehemu yake nzuri iende katika akiba, na kwamba tukae pamoja mara moja kila miezi mitatu tuiangalie.

Ugumu wa kweli haukuwa katika hesabu bali katika simu. Kijana aliyeko ughaibuni mwenye ajira naye huhesabiwa miongoni mwa wachangiaji: kuna msiba, kuna ada ya binamu, kuna shangazi anayehitaji vipimo. Akiba hii haivumilii hayo, kwa sababu anayetoa fedha kwa jambo jingine lisilo nyumba ya kwanza kabla ya kufika miaka 60, isipokuwa akiwa mgonjwa anayetarajiwa kuishi chini ya miezi 12, hutozwa asilimia 25 ya anachotoa. Aliyeweka paundi 1,000 na kuongezewa 250 anarudishiwa 937.50 tu, yaani anapoteza hata sehemu ya fedha yake mwenyewe. Baada ya kuelewa hivyo, nilizungumza na ndugu zangu mmoja mmoja. Niliwaambia kwamba michango ya ukoo itaendelea kutoka kwangu, na kwamba binti atachangia kutoka katika fungu dogo la dharura alilolitenga pembeni, bila kugusa ile ya nyumba. Dada yangu mkubwa alinuna kwa muda, na sikumlaumu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuza shamba ili mimi nipate nauli ya kuja huku.

Nitaje na jambo la mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, kwa sababu ni watu wetu wanaoumia nalo. Jirani yangu alimsaidia mwanawe kwa fedha aliyopokea taslimu zamu yake ilipofika, akaiweka benki yote kwa mara moja, na wakili wa ununuzi akataka maelezo ya chanzo chake ambayo hakuna daftari la mchezo lililoyaandika. Ununuzi ulichelewa kwa wiki nyingi. Fedha ya kumsaidia kijana ipite benki, kidogo kidogo na mapema, na mzazi awe tayari kusaini barua kwamba ni zawadi wala si mkopo, kwa sababu anayekopesha ataitaka.

Nyumba ya Kibaha imebaki kwa jina langu. Mpwa wangu, mtoto wa yule dada aliyenuna, sasa anaishi humo bila kulipa pango, kwa sharti lilelile nililompa binti yangu: kila mwezi anaweka fungu katika SACCOS ya kazini kwake, ambayo itamkopesha mpaka mara tatu ya akiba yake, na kiwanja amekwisha kukiona.