Kumng'oa dikteta wa jirani: nani analipa gharama?

Hoja kwamba nchi ina haki ya kuvuka mpaka ili kumwondoa dikteta wa nchi nyingine huwa nyepesi mdomoni mwa mtu ambaye jeshi hilo halitapita mlangoni pake. Hapa Bukavu, katika Kivu mashariki mwa Kongo, lilipita. Mwishoni mwa Oktoba 1996 wanajeshi wa Rwanda pamoja na waasi wa AFDL, muungano wa Wakongo waliopigana kumng'oa Rais Mobutu, waliuteka mji, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa, na kufikia Mei 1997 Mobutu Sese Seko alikuwa ameikimbia Kinshasa baada ya kutawala kwa karibu miaka 32. Hadi leo watu wa mji huu hawakubaliani iwapo vita vile vilistahili kupiganwa.

Wanaovitetea wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri, kwa sababu Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati ule, walikuwa wamekwisha kuijaribu njia ya amani. Mkutano mkuu wa kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mpinzani wa Mobutu, kuwa waziri mkuu mwaka 1992, lakini Mobutu hakumwacha afanye kazi. Januari 1993 wanajeshi walilipwa kwa noti mpya za zaire (sarafu ya wakati ule) milioni tano, ambazo Tshisekedi alikuwa amezikataa na wenye maduka hawakutaka kuzipokea. Askari wakaingia mitaani Kinshasa kupora. Aliyeishi chini ya utawala kama huo hawezi kuambiwa tu avumilie hadi uchaguzi, wala kuelezwa kwamba Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kwa vitendo, katazo hilo lilimlinda mtawala kuliko lilivyomlinda raia.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Tanzania. Idi Amin alipovamia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Julius Nyerere aliwaambia wananchi kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga wanavyo, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kukomboa Kagera ilikuwa haki isiyo na ubishi. Ubishi unaanzia pale jeshi lilipovuka mpaka na kuendelea hadi mji mkuu wa jirani, na ndiyo maana katika mkutano wa Monrovia wa Julai 1979 viongozi wa Sudan na Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi. Walichokihofia hakikuwa upuuzi: Uganda ilibadilisha marais haraka, Milton Obote akarudi madarakani baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 uliolalamikiwa, na vita vya msituni vikaendelea hadi Januari 1986. Isisahaulike pia kwamba Obote alikuwa amehifadhiwa Tanzania tangu alipopinduliwa mwaka 1971, kwa hiyo hata vita hivyo havikukosa rafiki wa kumrudisha kitini.

Hata hivyo, nikiviweka vita hivyo viwili pamoja, naona tofauti moja ambayo kwangu ina uzito kuliko ubaya wa dikteta mwenyewe. Tanzania ilitoka Uganda ikiwa maskini zaidi kuliko ilivyoingia, na uchumi wake uliyumba kwa miaka mingi. Huku Kongo, jeshi lililokuja na kadogo, yaani askari watoto, waliovaa mabuti ya mpira, likishangiliwa na wengi waliochoshwa na Mobutu, halikuona haja ya kuondoka. Laurent-Désiré Kabila, kiongozi wa AFDL aliyechukua urais baada ya Mobutu, alipowataka wanajeshi wa kigeni warudi kwao, vita vipya vilianza tarehe 2 Agosti 1998, tena kuanzia Kivu hii hii. Juni 2000 Rwanda na Uganda, washirika wa jana, zilipigana zenyewe kwa zenyewe kwa siku sita ndani ya Kisangani, mji usio wa yeyote kati yao. Na tangu Februari 2025, waasi wa M23 wanaoungwa mkono na Rwanda walipoingia Bukavu, tumerudi kuahidiwa ukombozi.

Wapo watakaosema kwamba kipimo hiki cha kuangalia nani amefaidika na vita kinakuja kikiwa kimechelewa, kwani nia ya jeshi haijulikani siku linapovuka mto. Ni kweli kwa sehemu. Lakini yapo yanayoweza kuulizwa kabla: je, nchi inayoingia ilishambuliwa kwanza, imetaja siku ya kuondoka, na ni nani atakayesimamia migodi na ushuru wa mpakani wakati wanajeshi wake wakiwa bado ndani? Asiyeweza kujibu swali hilo la mwisho, mimi simuungi mkono, hata kama dikteta anayelengwa ni mbaya kama Amin.

Sheria nayo hufika baadaye sana. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda ilikiuka sheria kwa kuivamia Kongo, na kwamba iliwajibika kwa uporaji wa maliasili uliofanywa na wanajeshi wake. Fidia ya dola milioni 325 ilipangwa Februari 2022. Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama mwaka 2006 kwa sababu mahakama hiyo ilijiona haina mamlaka ya kuisikiliza, kwa hiyo hoja zenyewe hazikuwahi kuamuliwa.