Chenga Zisizokatika: Maradhi ya Ubongo au Wasiwasi wa Mtazamaji?

Kijana mmoja wa Ngamiani, mjini Tanga, aliyekuwa akifanya vibarua vya ufukweni upande wa Pangani, alipewa na wageni kikaratasi chenye LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone mambo yasiyokuwapo, akakiweka ulimini. Usiku ule ulipita salama. Miezi minane baadaye, kila anapotazama ukuta mweupe huona chenga zikicheza kama za televisheni iliyopoteza mawimbi, na baiskeli ikimpita gizani, taa yake huacha nyuma mkia wa mwanga unaochelewa kufifia. Shangazi yake amekwisha kukata shauri: "Mwanangu huyu kaingiliwa na pepo, tumpeleke kwa fundi." Kijiweni wanamwita kichaa. Mwenyewe husema, kwa utulivu unaoshangaza, kwamba anajua fika kuwa chenga zile hazipo ukutani.

Kauli hiyo ya mwisho ina uzito kuliko wanavyodhani waliomzunguka. Sisi watu wa pwani tunayo maneno ya kutosha, mauzauza, maruweruwe, kiwi, ila tunayatumia kiholela. Aliyekula mbegu za mnanaha huweza kuzungumza na watu wasiokuwapo huku akiamini kwamba wapo, ilhali kijana huyu huona kasoro na kuitambua kuwa ni kasoro. Kwa kipimo hicho, wazimu haumhusu.

Wanaoshikilia kwamba haya ni maradhi kamili wana hoja nzito. LSD iliundwa na mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, mwaka 1938, naye akagundua athari zake mwaka 1943. Malalamiko ya watu walioendelea kuona mambo baada ya dawa kwisha mwilini yakaanza kuandikwa na matabibu katika miaka ya 1950. Mwaka 1987 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliyaingiza katika mwongozo wake wa magonjwa. Dhana inayotajwa sana ni kwamba ubongo, ambao kwa kawaida huchuja sehemu kubwa ya yale yanayoingia kupitia macho, hupoteza baadhi ya breki zake, hivyo taswira iliyopaswa kufutika mara moja ikabaki ikining'inia. Dhana hii inaeleza vizuri ule mkia wa taa ya baiskeli, lakini inabaki kuwa dhana, kwani hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ugonjwa huu kwa mgonjwa mmoja mmoja.

Hapo ndipo wenye shaka wanapoingilia, na mimi siwapuuzi. Wanakumbusha kwamba wako watu wanaoona chenga za namna hiyohiyo maisha yao yote na hawajawahi kugusa dawa yoyote ya kulevya. Wanaongeza kwamba kila jicho lina dosari zake, na kwamba aliyetishika siku moja huanza kuyapeleleza macho yake, akagundua leo vidoa vilivyokuwapo tangu utotoni. Utafiti wa mtandaoni uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha watumiaji 2,455 wa dawa za aina hii, unawapa nguvu pande zote mbili: asilimia 60.6 walisema wamewahi kuona mambo yasiyo ya kawaida wakiwa hawajatumia kitu, lakini waliosumbuka kiasi cha kufikiria kutafuta tiba walikuwa asilimia 4.2 tu. Tena waliojibu walijitokeza wenyewe, kwa hiyo takwimu hizo hazifai kubebwa kama sensa.

Kwa maoni yangu, wenye shaka wanateleza wanaporuka kutoka "chanzo hakijathibitishwa" hadi "ni wasiwasi tu." Wasiwasi unaweza kuzikuza chenga, na chenga zikamzidishia mtu wasiwasi, kujua kipi kilitangulia hakumwondolei mateso. Upande wa pili nao hukosea unapoibandika LSD kila lawama kabla ya kuuliza habari za kipandauso, kifafa au maradhi ya macho yenyewe, ambayo yote huweza kuleta picha zinazofanana na hizi.

Tofauti ya jina huzaa tofauti ya tiba. Mgonjwa akihesabiwa kuwa amerukwa na akili, huenda akaandikiwa risperidoni, dawa ya wazimu ambayo imeripotiwa kuwazidishia chenga baadhi ya wagonjwa wa namna hii. Klonazepamu na lamotrijini, ambazo ni dawa za kifafa, zimewasaidia wengine, lakini ushahidi wake umetokana zaidi na masimulizi ya wagonjwa wachache, na klonazepamu ina hatari yake ya uraibu. Jambo lisilohitaji dawa ni kuacha bangi, ambayo mara nyingi hutajwa kuzichochea chenga upya, na kwa vijana wengi wa vijiweni hilo ndilo gumu zaidi.

Lipo na la sheria. Kumiliki au kutumia dawa za kulevya ni kosa nchini, na anayeogopa mkono wa dola hawezi kumsimulia daktari habari ya kikaratasi. Kijana wetu alipokwenda kupimwa macho aliulizwa kama amewahi kutumia kitu chochote, akajibu hapana. Akaandikiwa miwani ya kusomea. Anayo mfukoni hadi leo, na akiivaa, anasema, chenga huonekana vizuri zaidi.