Mtu wa Nairobi Si Bahili, Ana Shaka

Mwombe Mnairobi mchango wa harusi ya binamu ya rafiki yake, atatoa. Mwombe wa bili ya hospitali ya mwalimu aliyemfunza darasa la nne, atatoa. Kundi la mazishi likifunguliwa WhatsApp saa nne usiku, kufikia asubuhi orodha ina majina arobaini na kiasi kando ya kila jina. Lakini kijana mwenye fulana safi na beji shingoni akimsimamisha Kimathi Street amwombe shilingi 300 za wasichana wa shule, mtu yuleyule anakaza uso, anakumbatia kipochi na kuongeza mwendo.

Mashirika mengi husema hapo kwamba watu wa mjini ni wachoyo. Nakataa. Katika mchango wa mazishi, mtu anamjua mweka hazina na anajua nyumbani kwao. Barabarani anaona sura ngeni, katika mji wa pata potea, ambako simu yake imeshapokea jumbe chungu nzima za wakora wanaodai wamemtumia pesa kimakosa. Kazi ya mchangishaji wa ana kwa ana huanza kwa kuondoa shaka hiyo. Kuomba kunakuja baadaye, na huchukua sekunde chache.

Shaka huondolewa kabla hujatoka ofisini. Sheria ya michango ya umma, Sura ya 106, inadai leseni kwa anayechangisha hadharani. Ukiingia barabarani unahitaji pia kibali cha kaunti, na ukiingia kwenye jumba la maduka, barua ya wasimamizi wa jumba hilo. Kila kiongozi wa timu abebe nakala za hizo zote kwenye faili moja, kwa sababu kanjo, yaani askari wa kaunti, hawatasubiri upige simu ofisini, na timu inayobishana na askari mbele ya watu imemaliza kazi yake siku hiyo. Beji iwe na picha, jina, na namba ya ofisi ambayo mtu anaweza kuipigia palepale. Namba hiyo ipokewe, Jumamosi ikiwemo. Mtoaji mmoja akipiga na simu ikalia tu, waliosimama naye pia wameondoka.

Kisha pesa. Ndoo na mkebe vitupwe. Noti ikitumbukia humo haina jina, haina risiti, na njiani hupungua. Tumia Paybill, namba ya shirika ya kupokea malipo ya M-Pesa, na jina lililosajiliwa liwe lilelile lililo kwenye fulana. Hili hupuuzwa mno. Shirika linakopa Paybill ya mshirika, mtoaji anasoma kwenye ujumbe wa M-Pesa kwamba ametuma pesa kwa kampuni asiyoijua, na papo hapo anadai arudishiwe. Angalia pia gharama za Paybill: zinaweza kubebwa na mtoaji, na shirika, au wagawane. Kwa michango midogo, shirika libebe. Sehemu ya namba ya akaunti itumike kama alama ya mchangishaji na mahali, mfano KM04. Jioni utajua nani alifanya nini na wapi bila daftari.

Mchangishaji asiishike kamwe simu ya mtoaji, hata akiombwa asaidie. Mtoaji abonyeze mwenyewe, na wakati wa kuweka PIN mchangishaji ageuze uso waziwazi, aonekane amegeuza. Na pesa isiende kwa namba ya mtu binafsi, hata mtandao ukigoma. Mtandao ukigoma, achukue namba ya mtoaji kwa idhini yake, au amwache aende zake.

Mahali pa kusimama pana sheria zake zisizoandikwa. Usisimame steji ya matatu, kwani anayekimbilia gari la mwisho la bei ya chini hana sikio. Usisimame karibu na mashine ya kutolea pesa, utaonekana unavizia. Wengi hufundishwa kuwangoja watu wanaotoka madukani, eti wameshatulia. Mimi naona ni kosa: mwenye mifuko miwili na mtoto anayelia hana mkono wa kushika simu. Anayeingia mikono yake ni mitupu. Simama hatua tatu kando ya njia, pale mwendo unapopungua wenyewe, kama chini ya ngazi za umeme, usizibe njia. Katikati ya mji, saa sita na nusu hadi saa nane mchana ndizo saa zenye watu wanaotembea bila kukimbia. Kwenye maduka makubwa ni Jumamosi, saa tano hadi saa kumi na moja. Jioni ya Ijumaa, hasa mvua ikinyesha, peleka timu nyumbani. Katika mwezi, kati ya tarehe 25 na 5 mishahara imeingia. Njaanuari usianzishe kampeni yoyote. Ada za shule zimeshachukua kila kitu.

Maneno ya kwanza yasiwe "samahani, una dakika moja?" Hapo umempa mlango wa kutokea. Salamu inafaa zaidi, kwa kuwa ni vigumu kwa Mkenya kupita salamu bila kuijibu. Mwenye nywele za mvi ni "mzee" au "mama", rika lako ni "boss" au "dada". "Auntie" huwachoma baadhi ya wanawake, iachwe. Baada ya salamu, uliza kitu kisichojibiwa kwa ndiyo au la:

"Habari ya mchana, dada?"
"Mzuri, lakini niko na haraka."
"Sawa, sikukawishi. Tunanunulia wasichana wa shule sodo. Wewe ulisoma bweni ama kutwa?"

Akijibu, umepata dakika mbili. Taja tatizo moja, kitu kimoja kinachonunuliwa, kiasi kimoja. Kisha nyamaza. Wachangishaji wapya huogopa kimya hicho wakaanza kujishushia bei wenyewe: mia tatu, au mia mbili, hata hamsini ni sawa. Mtu alikuwa anapiga hesabu kichwani, wakamkatiza. Akisema "nitarudi", harudi. Mshukuru na umwache. Kumfuata hatua tatu kunawafukuza kumi waliokuwa wakitazama. Akisema amefuliza, yaani amekopa kwa Fuliza ya M-Pesa, usimsajili kabisa kuwa mtoaji wa kila mwezi, kwa kuwa pesa yoyote itakayoingia itakatwa deni kwanza. Mlevi na aliye chini ya miaka 18 vilevile.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo huzamisha mashirika. Mtindo wa kuwasajili watoaji wa kila mwezi barabarani ulianzia Austria miaka ya 1990, Greenpeace ikiwa mstari wa mbele, na ulitegemea makato ya moja kwa moja benki. Hapa kwetu, M-Pesa Ratiba iliyokuja mwaka 2024 imewezesha malipo ya kujirudia kupitia simu. Tuchukue mfano: mchangishaji mmoja, pamoja na ujira, nauli, chakula na ada ya nafasi, anagharimu shilingi 2,400 kwa siku, na anasajili watu 2. Kila mtoaji amegharimu 1,200. Akitoa 300 kwa mwezi, miezi minne ya kwanza inarudisha gharama tu. Anayeacha baada ya malipo ya pili amekutia hasara ya 600, ingawa kwenye ripoti ya jioni alihesabiwa kuwa ushindi.

Ndiyo maana napinga kuwalipa wachangishaji kwa kichwa, yaani kwa kila mtu wanayemsajili. Anayelipwa kwa kichwa atamsajili mtu aliyechoka kukataa, na mtu huyo atafuta mpango huo akiwa bado ndani ya matatu. Lipa ujira wa siku, na kama lazima kuwe na bonasi, ihesabiwe kwa watoaji waliofikisha malipo ya tatu. Mtindo wa kuzungumza utabadilika bila semina.

Siku ya malipo isiwe tarehe aliyosajiliwa. Muulize mshahara huingia lini, uweke siku mbili baadaye; salio likikosekana malipo hayapiti. Chukua jina, namba ya simu na idhini yake, basi. Namba ya kitambulisho huihitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haipendi unachokusanya bila sababu. Ndani ya saa 48 mtu wa ofisini ampigie, si kumwomba kitu, bali kumshukuru na kuthibitisha kiasi na tarehe. Simu hiyo hufichua pia usajili wa uongo, maana namba nyingine zitajibiwa na mtu asiyejua lolote.

Malipo yakikwama mara moja, tuma ujumbe mfupi usio na lawama. Yakikwama mara ya pili, piga simu umpe nafasi ya kupunguza hadi mia, au kupumzika miezi miwili na kurudi. Akisema anataka kuacha, mweleze namna ya kufuta Ratiba kupitia *334# hapohapo kwenye simu, usimzungushe.